Kujaribu Mfumo wa Vipima-Joto vya Friji ya Chanjo Kabla ya Kuuamini: Mwongozo Kamili

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mafundi wa Bukavu na miji jirani wanaofunga vipima-joto vya mtandao katika friji za chanjo za vituo vya afya, kisha baada ya mwezi mmoja wanarudi na malalamiko yale yale: mfumo ulijaribiwa, ulifaulu, lakini umeme ulipokatika usiku kucha haukumwamsha mtu. Nikiwauliza walijaribu vipi, jibu karibu kila mara ni moja. Walizima ruta kwa dakika tano, wakaiwasha, wakaona kipimo kimerudi kwenye skrini, wakatia sahihi.

Jaribio hilo linathibitisha kwamba mfumo unaweza kuamka. Halionyeshi ulimwambia nini muuguzi wakati ulipokuwa umelala. Mfumo unaoharibika na kutangaza kwamba umeharibika bado unafaa, kwa kuwa muuguzi atachukua kipima-joto cha mkono na kuendelea na kazi. Mfumo unaoharibika huku ukionyesha nyuzi 5 za jana jioni ni hatari kuliko kutokuwa na mfumo wowote, kwa sababu umemfanya muuguzi aache kuangalia.

Nililijua hilo kwa uchungu. Katika posti moja ya afya ya Kadutu, skrini niliyoifunga mimi mwenyewe ilionyesha nyuzi 4.8 kwa saa kumi na moja mfululizo, na waya wa kihisi, yaani kifaa kidogo kinachopima joto, ulikuwa umekatika. Muuguzi aliniita akasema, “Fundi, friji yako inasema nyuzi tano, lakini mkono wangu unasema maji haya ni ya uvuguvugu.” Chanjo zilizokuwa ndani zilitengwa zisitumike. Hatua zote zilizo hapa chini zimepangwa kwa kuwaza asubuhi ile.

## Vifaa vya kuandaa

Ninachukulia kwamba mfumo wako unafanana na ile inayofungwa mara nyingi hapa kwetu: bodi ndogo ya kielektroniki ya ESP32 yenye kihisi cha joto cha DS18B20, ruta ya Wi-Fi, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inayoendesha Mosquitto kama seva ya ujumbe wa MQTT (njia ya vifaa kupelekeana ujumbe mfupi), modemu ya GSM ya kutuma SMS, na batri ya volti 12 inayochajiwa na paneli ya sola au umeme wa mji. Zaidi ya mfumo wenyewe, tafuta:

- friji tupu, au boksi la baridi lenye barafu na chupa za maji;
- kipima-joto cha pili kisichotegemea mfumo kwa lolote;
- chanzo cha umeme kinachorekebishwa kati ya volti 0 na 15, pamoja na multimita;
- kadi ya SD ya akiba yenye nakala kamili ya ile inayotumika;
- SIM mbili, moja yenye salio na moja isiyo na salio;
- bati la maziwa ya unga lenye kifuniko, na karatasi ya aluminiamu;
- daftari, kalamu, na saa moja tu ambayo wote mtaisoma;
- mtu wa pili wa kuandika wakati wewe unaharibu.

Kuhusu saa, andikeni kwa tarakimu za saa 24, yaani 08:00 au 14:00. Hapa Bukavu wapo wanaohesabu saa kwa Kiswahili na wapo wanaohesabu kwa Kifaransa, hivyo “saa mbili” iliyoandikwa daftarini inaweza kusomwa kwa namna mbili, na jaribio zima likapotea.

## Onyo kabla ya kugusa chochote

Usijaribu kamwe kwenye friji yenye chanjo, hata kama muuguzi amekubali na hata kama jaribio ni la dakika kumi. Chanjo hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na baadhi yake, kama ile ya hepatitisi B na ile ya pentavalenti, huharibiwa na kuganda bila kuonyesha dalili unayoweza kuiona kwa haraka. Ikiwa kituo kina friji moja tu, fanya kazi yako kwenye boksi la baridi.

Usiguse upande wa volti 220. Majaribio yote ya umeme yafanyike upande wa volti 12 na volti 5. Pia usiwashe na kuzima friji yenyewe haraka haraka, kwa kuwa kompresa huhitaji dakika kadhaa za kupumzika kabla ya kuwaka tena. Tunachokijaribu ni vifaa vya kielektroniki. Friji iache itulie.

## Hatua ya 1: Andika ahadi kabla ya kuharibu

Chora njia ya kipimo kuanzia mwanzo hadi mwisho: kihisi, bodi, Wi-Fi, seva ya ujumbe, hifadhidata, modemu, simu, na hatimaye muuguzi mwenyewe. Kwa kila kiungo andika mambo matatu: kitakachoharibiwa, kile muuguzi anachopaswa kukiona na ndani ya dakika ngapi, na data isiyoruhusiwa kupotea.

Mfano: “Wi-Fi ikizimwa kwa saa sita, skrini iandike HAKUNA KIPIMO ndani ya dakika 15, SMS itumwe ndani ya dakika 30, na Wi-Fi ikirudi vipimo vyote 72 vifike vikiwa na saa vilipopimwa.”

Sababu ya kuandika mapema ni kwamba fundi aliyechoka hukubali chochote atakachokiona. Ukiandika ahadi baada ya jaribio, ahadi itafanana na matokeo.

Ukipanga mipaka ya kengele, kumbuka kwamba virekodi joto vya siku 30 vinavyotumiwa katika mnyororo wa baridi hupiga kengele joto likizidi nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo, au likifika nyuzi −0.5 au chini yake kwa dakika 60. Mipaka hiyo inakuambia kwamba tayari kuna tatizo zito. SMS yako lazima itangulie, ili mtu apate muda wa kuhamishia chanjo kwingine. Mimi huiweka dakika 30 juu ya nyuzi 8, na dakika 10 chini ya nyuzi 1.

Umefaulu hatua hii pale ambapo muuguzi, baada ya kusoma ukurasa wako, anaweza kukueleza kwa maneno yake nini kitatokea.

## Hatua ya 2: Pima hali ya kawaida kwa saa 48

Acha mfumo ufanye kazi bila kuuharibu. Kila ujumbe uwe na namba ya mfululizo inayotoka kwenye bodi. Ukipima kila dakika 5, siku moja ina vipimo 288, na saa 48 zina 576. Hesabu vilivyofika.

Wengi huruka hatua hii kwa haraka ya kufika kwenye mambo yanayovutia, kisha wanahangaika wiki nzima na upotevu wa vipimo tisa ambao ulikuwapo tangu siku ya kwanza.

Katika saa hizo hizo, pima pia friji yako tupu inachukua muda gani kupanda kutoka nyuzi 5 hadi 8 umeme ukiwa umezimwa. Usichukue muda huo kwa mwenzako wa mji mwingine. Bukavu ipo kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,500 na hewa yake ni ya wastani, ilhali fundi wa Lubumbashi anayefanya kazi mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, ataona friji ile ile ikipanda joto haraka zaidi.

## Hatua ya 3: Mlazimishe kihisi aseme uongo

Hapa tunaharibu makusudi, na hapa ndipo mifumo mingi huanguka. Fanya majaribio haya moja moja, ukirudisha hali ya kawaida kila mara kwa nusu saa.

Kata waya wa data. Maktaba ya DallasTemperature (programu tayari ya kusoma kihisi) inayotumiwa na wengi hurudisha −127 kihisi kisipopatikana. Ikiwa programu yako inachukua namba hiyo kama joto, utatuma onyo la kuganda, na wastani wa siku utaharibika. Ikiwa inaitupa kimya kimya na kubakiza kipimo cha mwisho, umerudi kwenye nyuzi zangu 4.8 za Kadutu. Inachotakiwa kufanya ni kutuma neno la wazi, KIHISI HAKIPO, pamoja na saa ya kipimo halali cha mwisho.

Katiza umeme wa kihisi kwa sekunde moja. DS18B20 ikiwaka huwa na thamani ya nyuzi 85 kwenye kumbukumbu yake, na kipimo halisi huchukua hadi milisekunde 750 kuwa tayari. Ukisoma kabla ya hapo, unapata 85. Friji haiwezi kuwa na nyuzi 85, kwa hiyo programu inapaswa kuikataa na kupima tena, lakini irekodi kwamba jambo hilo limetokea. Zikionekana 85 tatu kwa siku, kuna kiungo kilicholegea.

Unganisha waya wa data na waya wa ardhi (GND) kupitia rezista ndogo, kisha ondoa. Angalia kama mfumo utakuambia nyuzi 0. Ujumbe wenye sufuri tupu hupita ukaguzi wa CRC (hesabu ya kugundua data iliyoharibika) wa kihisi hiki, kwa sababu CRC ya sufuri ni sufuri, hivyo programu isiyochunguza hali hiyo itaamini kwamba friji imefika kwenye kuganda.

Toa kihisi nje ya friji na kukiacha mezani. Kitapima chumba, kitu ambacho ni kipimo cha kweli cha mahali pasipofaa. Onyo lazima litoke kama kawaida. Usiandike programu inayojaribu kubahatisha kwamba “pengine kimeanguka”.

Gandisha thamani. Katika programu ya majaribio, ifanye bodi irudie kipimo kile kile bila kubadilika. Kihisi hiki kikiwekwa kwenye usahihi wa biti 12 husogea kwa hatua za nyuzi 0.0625, na friji yenye kompresa hupanda na kushuka mchana kutwa; kwa hiyo namba isiyotikisika kwa saa sita ni ya kutiliwa shaka. Mfumo unapaswa kusema hivyo.

Umefaulu ikiwa katika majaribio yote matano skrini haikuonyesha hata mara moja namba ya kawaida isiyo ya kweli bila alama ya kuituhumu.

## Hatua ya 4: Umeme unaokatika, unaopungua na unaocheza

Kukata umeme kwa ghafla ndilo jaribio rahisi. Ng'oa chaja, uache batri ibebe mzigo, na uandike imedumu saa ngapi. Batri ya risasi ya volti 12 iliyopumzika ikionyesha kama volti 12.1 imebakiwa na karibu nusu ya chaji. Ishushe hadi hapo, usiimalize, kwa kuwa kuimaliza mara kwa mara kunaiua.

Jaribio gumu ni umeme unaopungua taratibu, kama jioni kartie nzima inapowasha taa na balbu zikafifia. Weka chanzo kinachorekebishwa mahali pa batri, kisha shusha volti 0.2 kila dakika mbili. ESP32 hufanya kazi kati ya volti 3.0 na 3.6, na ina kinga inayoizima na kuiwasha upya volti zikishuka mno. Utakuta kuna eneo jembamba ambamo bodi inawaka, inajaribu kushika Wi-Fi, inavuta umeme mwingi kwa ghafla, inazimika, na kuanza tena bila mwisho. Hapo ndipo faili za kumbukumbu huharibika, kwa sababu zinakatizwa katikati ya kuandikwa. Programu njema hupima volti kwanza, na zikiwa chini hungoja bila kuwasha redio.

Kwa Raspberry Pi, baada ya kila jaribio andika:

`vcgencmd get_throttled`

Jibu la `0x0` ni salama. Jibu la `0x50000` linamaanisha kwamba tangu kuwaka umeme umewahi kushuka kupita kiasi na kompyuta ikapunguzwa mwendo. Badilisha waya au chaja kabla ya kuendelea.

Mwisho, chezesha umeme: washa na zima vifaa vyote, pamoja na ruta, mara kumi kwa vipindi vya sekunde mbili, kisha uache umewaka. Angalia mfuatano. ESP32 huamka kwa sekunde chache, ilhali ruta huweza kuchukua dakika moja au mbili. Nimeona programu nyingi zinazojaribu Wi-Fi mara kumi, zikakata tamaa, na zisijaribu tena hadi mtu aje kubonyeza kitufe. Fundi aliyezima ruta peke yake kwa muda mfupi hataligundua kosa hilo, lakini umeme wa mji utaligundua usiku wa kwanza.

## Hatua ya 5: Mtandao, na namna zake nne za kufa

Mtandao una namna nyingi za kukatika, na mfumo unaovumilia namna moja unaweza kuanguka kwa nyingine. Zijaribu zote nne.

Wi-Fi kutoweka. Zima ruta kwa saa sita. Baada ya hapo vipimo 72 vilivyohifadhiwa kwenye bodi vinapaswa kufika, kila kimoja na saa yake ya kupimwa. Kosa la kawaida ni vyote 72 kuandikwa saa ya kufika, hivyo grafu ikaonyesha dakika moja yenye vipimo 72 na pengo la saa sita kabla yake. Nafasi si kisingizio: kipimo kimoja cha baiti 16 kila dakika 5 kwa wiki nzima ni baiti 32,256 tu.

Seva kukataa. Wi-Fi ikiwa hai, simamisha seva ya ujumbe:

`sudo systemctl stop mosquitto`

Bodi itajulishwa mara moja kwamba mlango umefungwa. Hili ni jaribio jepesi, na karibu kila mfumo hulifaulu.

Seva kunyamaza. Hili ndilo lenye kuangusha. Badala ya kufunga mlango, tunazitupa pakiti bila kujibu:

`sudo iptables -I INPUT -p tcp --dport 1883 -j DROP`

Bodi bado inaamini kwamba imeunganishwa. Inatuma kipimo, mfumo wake wa ndani unakipokea kwenye foleni, na kazi ya kutuma inajibu “sawa”, ingawa hakuna kilichofika. Hapa lazima ujue maktaba yako. PubSubClient, ambayo wengi wetu tulianza nayo, hutuma kwa kiwango cha QoS 0 pekee (QoS ni kiwango cha uhakika wa kufikisha ujumbe), maana yake haingoji uthibitisho wa seva kama QoS 1. Mtu anayedhani ana uhakika wa QoS 1 kwa sababu amejisajili kupokea kwa QoS 1 amejidanganya upande wa kutuma.

Kwa upande wa seva, MQTT ina kipindi cha uhai ambacho kifaa hujitangazia. Kikiwa sekunde 60, seva itasubiri mara moja na nusu ya muda huo, yaani sekunde 90, kabla ya kukata uhusiano na kutangaza wosia, yaani ujumbe ambao kifaa kiliuacha mapema utangazwe kikipotea. Hakikisha wosia huo upo, kwamba unasema IMEKATIKA, na kwamba skrini inausikiliza.

Ondoa kizuizi kwa kubadilisha `-I` iwe `-D`, kisha hesabu namba za mfululizo. Zilizopotea wakati wa ukimya ndizo kipimo halisi cha ustahimilivu wa mfumo wako. Dawa ni bodi kutofuta kipimo hadi ipate jibu la seva, na hifadhidata kukubali namba ile ile mara mbili bila kuihesabu mara mbili, kwa sababu QoS 1 inaweza kuleta nakala.

Mtandao kusuasua. Iga siku ya mvua kubwa:

`sudo tc qdisc add dev wlan0 root netem delay 800ms 300ms loss 20%`

Ukiiongoza kompyuta hiyo kwa Wi-Fi ile ile, na wewe utateseka. Kwa hiyo panga mapema amri ya kuondoa itekelezwe yenyewe baada ya dakika 20, kwa kutumia `del` badala ya `add`. Amri hii huathiri pakiti zinazotoka tu. Unachokitafuta ni kama bodi inakata na kuunganisha upya mfululizo hadi inashindwa kupima. Kupima joto hakupaswi kungoja mtandao kwa namna yoyote.

Jambo la mwisho kwenye hatua hii ni ujumbe uliohifadhiwa na seva. Zima bodi kabisa, kisha fungua skrini upya. Ikiwa inaonyesha nyuzi 5 kana kwamba ni za sasa, imepewa ujumbe wa zamani ambao seva iliutunza. Kila kipimo kionyeshwe pamoja na umri wake, na kikizidi dakika 15 kibadilike rangi na kuandikwa NI CHA ZAMANI.

Mwenye vifaa ishirini katika jengo moja aongeze jaribio la kuviwasha vyote kwa pamoja. Kila kimoja kingoje muda wa kubahatisha kabla ya kuunganisha, la sivyo vitagongana mlangoni kila umeme unaporudi.

## Hatua ya 6: Kompyuta ya kati

Weka kwanza kadi ya SD ya nakala. Ile halisi ibaki mfukoni mwako.

Kusimamisha Mosquitto kwa utaratibu, kama tulivyofanya juu, huipa nafasi ya kuandika foleni yake kwenye diski. Umeme ukikatika, haipati nafasi hiyo. Kwa hiyo iue bila kuaga:

`sudo kill -9 $(pidof mosquitto)`

Kwa mpangilio wa kawaida, Mosquitto iliyoruhusiwa kuhifadhi huandika kwenye diski kila sekunde 1800. Hiyo ni nusu saa ya ujumbe uliokuwa kwenye foleni unaoweza kupotea. Punguza `autosave_interval`, na thibitisha kwa jaribio badala ya kuamini faili la mpangilio.

Jaza diski hadi ibaki nafasi ndogo sana, kwa amri ya `fallocate`, na uangalie kama onyo la SMS bado linatoka. Haliruhusiwi kutegemea diski. Futa faili hilo ukimaliza, na uandike daftarini kwamba umelifuta.

Kisha jaribu saa. Raspberry Pi 4 na zilizotangulia hazina saa yenye batri. Ng'oa intaneti, zima kompyuta kwa saa tatu, iwashe, na usome tarehe. Bila moduli ya saa kama DS3231 itakuwa nyuma, na vipimo vyako vitajipanga mahali pasipo pao. Angalia pia jina la majira ya saa (timezone): wengi huchagua Africa/Kinshasa kwa sababu ndiyo mji mkuu, nao upo saa moja nyuma yetu. Bukavu, Goma na Lubumbashi hutumia Africa/Lubumbashi. Hifadhi vipimo kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, na ugeuze wakati wa kuonyesha tu.

## Hatua ya 7: Onyo hadi kwenye sikio la mtu

Weka SIM isiyo na salio, kisha sababisha onyo. Hitilafu hii ni ya kila mwezi katika vituo vyetu, na ndiyo isiyojaribiwa kabisa. Mfumo unapaswa kugundua kwamba SMS imekataliwa, kujaribu njia ya pili, na kuwasha king'ora cha pale pale.

Rudisha SIM nzuri, funga modemu ndani ya bati la maziwa lililozungushiwa aluminiamu ili mawimbi yafifie, na urudie. Usifungue antena wakati modemu inatuma.

Katika kata zilizo karibu na mto Ruzizi, modemu inaweza kushika mnara wa ng'ambo, upande wa Rwanda. Ilazimishe itumie mtandao wa nyumbani tu, kisha iache usiku mzima mahali itakapofungwa ili uone kama inatulia.

Zima simu ya muuguzi wa zamu. SMS iliyotumwa bado haijafika, na iliyofika bado haijasomwa. Weka utaratibu wa kujibu kwa neno moja, na jibu lisipopatikana ndani ya dakika 20 ujumbe uende kwa mtu wa pili, kisha kwa msimamizi wa zone ya afya.

Bado kuna hitilafu ambayo mfumo hauwezi kujitangazia, yaani kufa wote kwa pamoja. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na hapa lazima awepo wa kuusikia: kompyuta iliyo mahali pengine, inayotarajia salamu kutoka kituoni kila dakika 15 na kupiga kelele isipoipata. Jaribu kwa kuzima kila kitu kituoni, pamoja na batri.

## Hatua ya 8: Hitilafu mbili kwa wakati mmoja

Huwezi kujaribu kila jozi, kwa hiyo chagua zile ambazo moja huzaa nyingine. Ya kwanza, na muhimu kuliko zote, ni batri dhaifu pamoja na kutuma SMS. Modemu ya SIM800L hutaka volti kati ya 3.4 na 4.4, na inapotuma inaweza kuvuta hadi ampea 2 kwa kishindo kifupi. Batri ikiwa chini, kishindo hicho huangusha volti, kila kitu huwaka upya, mfumo huona bado kuna onyo la kutuma, hutuma, na huanguka tena. Onyo lenyewe ndilo linalouua mfumo. Shusha volti kama katika hatua ya 4, sababisha onyo, na uangalie kama SMS imetoka kweli. Ikishindikana, weka kapasita kubwa karibu na modemu na uitenganishie modemu njia yake ya umeme.

Ya pili ni umeme kurudi huku intaneti ikiwa bado haipo, ambapo saa isiyo sahihi hukutana na vipimo vilivyohifadhiwa. Ya tatu ni kihisi kukatika wakati seva imenyamaza.

## Hatua ya 9: Jaribio la kushtukiza, na kurudia

Baada ya kufaulu zote, omba ruhusa ya mkuu wa kituo ufanye jaribio moja ambalo wauguzi hawajaambiwa siku yake, kwenye friji tupu. Pima dakika kuanzia hitilafu hadi mtu anapoweka mkono kwenye mlango wa friji. Ikiwa SMS ilifika kwa dakika nne na mtu akaja baada ya saa tano, badilisha orodha ya namba za simu au maneno ya ujumbe. “ERR 07” haimwamshi mtu. “Friji ya Nguba ina nyuzi 9 tangu 01:40, hamisha chanjo” humwamsha.

Rudia hatua za 3, 4 na 7 kila miezi mitatu, na hatua zote kila unapobadilisha programu ya bodi, hata badiliko likiwa mstari mmoja.

Bandika juu ya friji ukurasa mmoja wenye tarehe ya jaribio, hitilafu zilizofaulu, na zile ambazo mfumo huu hauzivumilii, zikiandikwa kwa herufi kubwa. Karatasi ya kuandikia joto asubuhi na jioni kwa mkono, pamoja na kalamu yake, isiondolewe mlangoni.